Uchumi umekua, sawa. Kilicholiwa kimeandikwa ukurasa gani?

Mtunza Daftari (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mwaka tunasomewa namba moja. Uchumi umekua kwa asilimia nne, tano, sita. Ikipanda makofi, ikishuka watu wanatafutana. Mimi kazi yangu ni kutunza hesabu za watu, na kuna swali ambalo karani yeyote angeliuliza siku ya kwanza kazini, ila kwenye habari za uchumi silisikii kabisa: hayo ni mauzo au ni faida?

Tuanze na jina. Jina kamili la namba hiyo ni Pato Ghafi la Taifa. Kwenye hotuba na magazeti lile neno la katikati hudondoka njiani, tunabaki na Pato la Taifa, na hapo ndipo tunapopigwa. Ghafi maana yake bado hujatoa kitu. Ni thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa nchini kwa mwaka, basi. Mashine zilizochakaa hazijatolewa. Msitu uliokatwa haujatolewa. Mgodi uliobaki shimo haujatolewa. Mtu akiezua mabati ya nyumba yake akayauza, kwa hesabu za namna hii mwaka wake umekuwa mzuri. Mvua haimo kwenye ripoti.

Kama mnadhani natania, someni habari za Nauru. Ni kisiwa cha Pasifiki chenye kilomita za mraba 21 tu, na ardhi yake ilikuwa na fosfeti safi, malighafi ya mbolea iliyotafutwa sana. Kilipata uhuru 1968, kikaichukua migodi mikononi mwake, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 wastani wa pato la kila mtu pale ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Kwa kipimo chetu hiki, Nauru ilikuwa darasa la kufundishia wengine. Kumbe kisiwa kilikuwa kinajiuza chenyewe kwa tani. Takribani asilimia 80 ya ardhi ilichimbwa, ikabaki minara ya mawe isiyolimika wala kujengeka. Akiba iliyowekwa kwenye mfuko wa taifa sehemu kubwa ikayeyuka katika uwekezaji mbovu. Kuanzia 2001, kisiwa kikawa kinapata fedha kwa kuwapokea waomba hifadhi ambao Australia haikutaka wafike kwake. Na shughuli hiyo nayo ikahesabiwa kuwa pato. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Hapa mchovyaji alikuwa anapewa na cheti.

Fundi wa kipimo hiki alionya mapema. Simon Kuznets alipeleka makadirio ya pato la Marekani bungeni kwao mwaka 1934, wakati wa ule mdororo mkubwa, na ndani ya ripoti hiyohiyo akaandika kwamba ustawi wa taifa ni shida kuukisia kutokana na kipimo cha pato lake. Kisha vita vikaja. Serikali zikataka kujua zinaweza kuunda ndege na vifaru kiasi gani kabla raia hawajaanza kukosa mahitaji, na kwa kazi hiyo kipimo kilifaa kweli. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ukatoa mfumo wa pamoja wa hesabu za taifa. Kitu kilichonolewa kwa ajili ya vita kikageuzwa kipimo cha maisha mema, na onyo la fundi likabaki kabatini.

Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka Alaska ikamwaga zaidi ya tani 35,000 za mafuta baharini. Kusafisha kuligharimu zaidi ya dola bilioni 2. Boti zilizokodiwa, vibarua, mawakili, vyote viliingia upande wa kuongeza. Ndege na samaki waliokufa hawakuingia upande wowote.

Sasa hili la ukuaji kutokoma. Tunapenda kusema "ukuaji endelevu". Mmoja akilitamka anamaanisha ukuaji usiodhuru, mwingine anamaanisha ukuaji usioisha, na wote wanatikisa kichwa kukubaliana. Chukueni kalamu. Gawanya 72 kwa 3 unapata 24: uchumi unaokua kwa asilimia 3 tu hujizidisha mara mbili kila baada ya miaka 24 hivi. Baada ya miaka 100 umekuwa mara 19. Baada ya miaka 200, mara 369. Najua thamani si uzito. Wimbo na mfuko wa saruji vinaweza kuuzwa bei moja. Lakini hadi leo uzito nao umekuwa ukipanda. Mwaka 1970 dunia nzima ilichimba, ilikata na kuvuna takribani tani bilioni 30 za malighafi. Siku hizi ni zaidi ya bilioni 100.

Kiswahili kilishatutenganishia mambo haya. Kuna kukua na kuna kustawi. Mti mzima unaweza kumaliza miaka bila kuongeza hata shibiri moja, na bado ukasema umestawi: majani mabichi, matunda kwa msimu. Hesabu tunayosomewa inajua kukua tu.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja aje na hoja.

Jicho la Tatu

Mkuu, umeandika vizuri, lakini hizi ni habari za walioshiba. Benki ya Dunia inakadiria karibu watu milioni 800 China walitoka kwenye umaskini uliokithiri ndani ya miaka 40. Walitolewa na nini? Na kustawi kwa majani mabichi? Walitolewa na viwanda, barabara, umeme, bandari, yaani ukuaji huohuo unaoubeza. Mwambie mama anayejifungulia gizani kwamba uchumi umekua vya kutosha uone atakujibu nini.

Na kama unataka kuona uchumi ukipungua, tuliuona 2020. Dunia ilirudi nyuma kwa takribani asilimia 3. Hewa ya ukaa ikapungua kwa takribani asilimia 5, haya, tukashangilie? Idadi ya mafukara wa kutupwa iliongezeka kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 20. Namba ikishuka anayeumia ni wa chini, wa juu anabadilisha kiti tu.

Mtunza Daftari

Jicho la Tatu, hoja yako ya China naipokea yote, sitoi hata senti. Nchi isiyo na maji ya bomba lazima izalishe zaidi, na hakuna aliyesema ikae hivyohivyo. Hata hivyo, angalia ulichotaja: umeme, barabara, kujifungua salama. Hivyo vitu vina majina, na vinaweza kupimwa kimoja kimoja. Mbona tunapima kivuli chake?

Tena kivuli hicho hakifuati mwili kila mahali. Mwaka 2023 pato la kila mtu Marekani lilipita dola 80,000. Costa Rica halikufika 20,000. Umri wa kuishi? Costa Rica ni takribani miaka 80, Marekani iko chini ya hapo. Costa Rica ilivunja jeshi lake 1948, fedha nyingi ikazielekeza shule na afya ya msingi, na haikusubiri kwanza kuwa tajiri. Hatua za mwanzo za ukuaji zinanunua uhai, kweli kabisa. Baada ya hapo nyongeza inanunua vitu vingine, mara nyingine inanunua dawa za magonjwa iliyoyaleta yenyewe.

Kuhusu 2020, yule alikuwa mgonjwa aliyekatazwa kutoka kitandani. Huwezi kumwita mtu aliyeamua kupumzika.

Mzee wa Takwimu

Vijana, nimefanya kazi hizi za hesabu za taifa kabla sijastaafu, niruhusuni nirekebishe mawili matatu.

Kwanza, Mtunza Daftari, mfano wako wa mabati una kasoro. Bidhaa kuukuu ikiuzwa haiingii kwenye pato, kwa sababu ilishahesabiwa mwaka ilipotengenezwa. Kinachoingia ni faida ya dalali tu. Mfano wako wa msitu ndio wenyewe. Mti wa msitu wa asili ukikatwa, thamani yote ya gogo huingia kama uzalishaji wa mwaka huo, na kisiki hakiandikwi popote.

Pili, mnaijadili namba hii kama kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Inapikwa, tena kwa mwaka wa kizio, yaani mwaka unaochaguliwa uwe msingi wa kulinganishia miaka mingine. Nigeria ilitumia mwaka wa kizio 1990 hadi Aprili 2014, walipohamia 2010 na kuingiza simu za mkononi, filamu na mengineyo ambayo 1990 yalikuwa madogo au hayakuwapo. Pato likaruka kwa asilimia 89 kwa tangazo moja, Nigeria ikaipita Afrika Kusini. Ghana ilifanya hivyo 2010, ikapanda kwa takribani asilimia 60. Usiku ule hakuna aliyekula kingine. Wala hakuna aliyedanganya! Marekebisho yalikuwa sahihi. Ila ukiona namba inaweza kuruka hivyo bila sahani kusogea, ujue unaitumia kwa kazi ambayo si yake.

Ireland je? Mwaka 2015 ilitangaza ukuaji wa asilimia 26. Kampuni kubwa za kigeni zilihamishia kule hataza na haki zao nyingine za ubunifu, kwa sababu za kodi zaidi, na faida yake ikasomeka kama uzalishaji wa Ireland. Wenyewe waliona aibu, na tangu 2017 wana kipimo cha pembeni kinachochuja mambo hayo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wa Ireland hata kulitia hakulitia, maji yalikuja yenyewe.

Tatu, na hapa ndipo penye mzizi: mnajiuliza kwa nini serikali haziachi. Haziwezi, zina madeni. Deni la taifa hupimwa kwa kulilinganisha na pato. Chukua nchi inayokopa kila mwaka kiasi cha asilimia 3 ya pato lake. Pato likikua kwa asilimia 5, pamoja na mfumuko wa bei, deni litapanda hadi takribani asilimia 60 ya pato na kutulia hapo. Nchi za Ulaya zilipokubaliana viwango vya 3 na 60 kwenye mkataba wa Maastricht wa 1992, hesabu yake inatimia ukichukulia ukuaji wa namna hiyo. Sasa punguza ukuaji ule uwe asilimia 2, ukopaji ubaki vilevile. Deni litakimbilia 150. Ukuaji ukiwa sifuri, halina pa kutulia. Kwa hiyo waziri wa fedha anayeimba ukuaji usimwone mlafi. Anakimbia kwenye ngazi ya umeme inayoshuka.

Jicho la Tatu

Mzee wangu, hapo kwenye deni umenifungua macho. Nilikuwa najua tu kwamba "lazima tukue".

Mama wa Zamu

Naona wanaume mmehesabu meli, fosfeti na deni. Kuna kitu kikubwa kuliko vyote hivyo mmekiruka.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba kila siku duniani zinafanyika saa bilioni 16.4 za kazi za nyumbani na matunzo zisizolipwa: kupika, kuosha, kulea, kukesha na mgonjwa. Ni sawa na watu bilioni 2 wakifanya kazi saa nane kwa siku bila mshahara. Robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Kwenye pato, ni sifuri. Mama akimnyonyesha mwanawe, sifuri. Akinunua maziwa ya kopo, uchumi umekua.

Wachumi wenyewe wana mzaha wa zamani kuhusu mtu aliyemwoa mtumishi wake wa ndani: kazi ni zilezile, mshahara umekoma, pato la taifa limeshuka. Wanacheka, wanaendelea. Mwaka 2014 nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuingiza kwenye pato makadirio ya biashara ya dawa za kulevya na ukahaba. Kwa hiyo mkisema shughuli isiyo na risiti ni ngumu kuikadiria, tafadhali.

Na sehemu kubwa ya "ukuaji" wa uchumi unaoanza kukua ni hii tu: kazi iliyokuwa inafanywa bila malipo imehamia sokoni. Siisemi vibaya, wanawake wengi wamepata kipato chao na sauti yao humo. Lakini usiniambie chakula kimeongezeka kwa sababu sasa kinauzwa.

Mtunza Daftari

Dada, nakuuliza kwa nia njema. Tukizipa bei saa hizo na kuziingiza, pato litavimba kweli. Hatutakuwa tumeikuza namba ileile tunayoilalamikia?

Mama wa Zamu

Sikusema ziingizwe. Nataka zionekane, ziwe na jedwali lake. Serikali ikifunga wodi ikawarudisha wagonjwa nyumbani, ile "akiba" ya bajeti ionekane imehamia kwenye saa za nani. Bei sihitaji. Saa zinatosha, kwa sababu siku ina 24 hata kwa tajiri.

Jicho la Tatu

Sawa, nirudi na silaha nyingine. Teknolojia. Uingereza imepunguza hewa ya ukaa inayozalishwa ndani ya mipaka yake kwa takribani nusu tangu 1990, na uchumi wake umekua kwa zaidi ya nusu muda huohuo. Makaa ya mawe ya kuzalishia umeme wameyaacha. Kwa hiyo mnyororo kati ya kukua na kuchafua unakatika, na ile hesabu ya mara 369 inapoteza makali: tutakua kwa huduma, programu na maarifa.

Mtunza Daftari

Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote na nakushukuru kuileta kwa takwimu. Kwenye hewa ya ukaa, ndiyo, mnyororo umelegea, hata ukihesabu bidhaa wanazoagiza kutoka nje, ingawa ukizihesabu upungufu unakuwa mdogo kuliko huo. Kwenye malighafi kwa dunia nzima, bado sana. Rejea zile tani.

Halafu kuna mtego ambao mchumi Jevons aliuona 1865 akichunguza makaa ya mawe ya Uingereza hiyohiyo. Injini za mvuke zilipoboreshwa zikawa zinatumia makaa kidogo kwa kila kazi. Matumizi ya makaa yakapanda, kwa sababu sasa ilikuwa nafuu kuweka injini kila mahali. Ubora wa mashine hauamui peke yake. Inategemea ile nafuu unaipeleka wapi.

Na hapo ndipo ninapomshangaa mchumi Keynes, kwa wema. Mwaka 1930 alitabiri kwamba ndani ya miaka 100 watu wa nchi zilizoendelea watakuwa wanafanya kazi saa 15 kwa wiki. Kwenye utajiri hakukosea sana. Kwenye saa amekosea vibaya. Tija ilipanda, na tulipotakiwa kuchagua kati ya kupumzika zaidi na kuzalisha zaidi, kila mara tulichagua kuzalisha. Au tulichaguliwa. Tija ikipanda kwa asilimia 2 na uzalishaji ukabaki palepale, ama kila mtu apunguziwe saa kidogo, ama wachache wapunguzwe wao kazini. Tumezoea njia ya pili, ndiyo maana ukuaji wa sifuri unatisha.

Jicho la Tatu

Kwa hiyo tuige Bhutan, ile nchi ndogo ya Asia, tupime furaha?

Mzee wa Takwimu

Polepole. Bhutan inastahili heshima kwa kuthubutu: mfalme wao alilisema wazo hilo miaka ya 1970, na katiba yao ya 2008 inalitaja. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyohiyo iliwafukuza au kuwasukuma nje watu wake takribani 100,000 wenye asili ya Kinepali, wakaishia makambini Nepal. Furaha ya taifa haikuwahesabu, walikuwa hawamo tena ndani. Kila kipimo kina watu kinachowaacha nje ya mlango. Ukikipenda, anza kwa kuuliza ni akina nani.

Mimi naona afadhali njia ya wachumi Mahbub ul Haq na Amartya Sen, kile kipimo cha maendeleo ya watu kilichoanza kutolewa 1990: umri wa kuishi, elimu na kipato, vitatu tu. Ni kibovu kwa namna zake, mazingira hayamo. Ila kilifanya jambo moja zuri, kiliwapa wanahabari namba ya pili ya kuandika.

Mama wa Zamu

Mtunza Daftari, wewe uliyeanzisha uzi. Siku ya bajeti ungetaka kisomwe nini?

Mtunza Daftari

Ningetaka neno "ghafi" lirudishwe mahali pake, lisomwe kwa sauti. Halafu baada ya namba hiyo ifuate nyingine, ya pato baada ya kutoa uchakavu wa mitambo na kupungua kwa madini, misitu na udongo. Kisha saa zako dada, kwa jedwali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari tulilonalo lina upande mmoja.

Mzee wa Takwimu

La pili hilo si ndoto. Machi 2025 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha mfumo mpya wa hesabu za taifa. Humo, kupungua kwa maliasili kunahesabiwa kuwa gharama ya uzalishaji, kama uchakavu wa mashine unavyohesabiwa, na pato halisi, yaani linalobaki baada ya kutoa gharama hizo, linapewa kipaumbele kuliko zamani. Nchi zitaanza kuutumia taratibu, miaka michache ijayo.

Jicho la Tatu

Na ile ghafi, mzee wangu? Itapungua?

Mzee wa Takwimu

Hiyo haiguswi. Itaendelea kutolewa kila robo mwaka, mapema, kabla ya jedwali la pato halisi halijakamilika.